Mabuti Mlangoni pa Chumba cha Watoto

Tangu nistaafu, wakunga vijana niliowaacha kazini wananiuliza jambo moja kuliko mengine yote: kwa nini kila siku nilikuwa navua viatu kabla ya kuingia chumba cha watoto wachanga. Wengine walidhani ni mambo ya dini. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba alifikiri nina ugonjwa wa miguu na ninaona haya kuusema. Sikuwajibu vizuri kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na zamu haina nafasi ya majibu marefu. Sasa nafasi ninayo, tena ya kumwaga, basi nimekaa kuandika.

Naandika kwa Kiswahili. Najua wengi wenu hapa Kampala mkikisikia mnakumbuka kizuizi barabarani na mtu mwenye bunduki anayetaka kuona kitambulisho. Mimi Kiswahili kilinilea. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mtaita aliyeletwa huku akiwa kijana, na tuliishi kwenye nyumba za reli kule Nsambya, ambako kila mlango ulikuwa na lugha yake lakini uani watu wote walisemezana Kiswahili. Kiganda nilijifunza sokoni na Kiingereza darasani. Ripoti zangu zote za kazi niliandika kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyosema nilichokiona.

Juu ya vyeo sisemi kitu. Mkunga akianza kusimulia vyeo, ujue watoto amekwisha kuwasahau.

Nilianza kazi miaka ya mwanzo ya utawala wa wanajeshi, katika hospitali ndogo ya uzazi iliyokuwa bondeni, karibu na reli ya Namuwongo. Msiitafute, haipo tena. Mahali pake pamejengwa maduka ya vyuma. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vyenye kisigino kigumu, zawadi ya mama, ambaye aliamini kwamba nesi lazima asikike anapokuja. Nilisikika kweli. Kabla sijafika mlangoni pa chumba cha watoto, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa alitoka, akanizuia kwa kiganja, akaniambia nisimame hapo nitazame vitanda. Nikatazama. Watoto walikuwa wamelala kwa safu, kila mmoja kwenye kitanda chake kidogo. Kisha akaniambia niingie. Nikapiga hatua zangu za nesi, na watoto wote wakarusha mikono juu, vidole vimetanuka, halafu wakaikunja polepole kifuani wakitetemeka. Wawili tu ndio waliolia.

"Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona. "Wewe ndiyo nafanya hivyo."

Huyo alikuwa Sista Akello, wa kabila la Walango kutoka kaskazini, mkuu wa chumba kile na mwalimu wangu wa kweli. Nilijitetea kwamba chuoni tulifundishwa kuwa mshtuko ule ni dalili njema. Hata tulifundishwa kuutafuta, kwa kukiachia kichwa cha mtoto kishuke kidogo mkononi, ili tuone kama mikono yote miwili inaruka sawa. Akello akakubali kwamba ni kweli, ila kipimo kinafanywa mara moja, siku ya kuzaliwa, na kinaandikwa. Mtoto mchanga anaposhtuka anadhani anaanguka, akasema, na wewe huwezi kumwangusha mtu kila saa ili ujue kama bado anaweza kuogopa. Akanipa raba za turubai zilizochoka, kubwa kuliko mguu wangu. Nilizivaa miaka mingi mpaka zikaisha, na tangu hapo nikawa naingia peku.

Zana zake zilikuwa chache na zote zilikuwa zimeonja maisha. Kulikuwa na kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kimeng'aa kwa kushikwa, na glavu zilizochemshwa na kuanikwa hata zikawa na viraka. Pini za nepi zilikuwa adimu kuliko dhahabu, maana miaka ile hata sabuni na sukari zilikuwa za kujuana. Taratibu zake ndizo zilizokuwa nyingi. Sauti kwanza, mkono baadaye: mtoto asiguswe kabla hajaambiwa. Viganja vipashwe joto kwapani. Sindano ichomwe mtoto akiwa ananyonya. Mtoto asining'inizwe miguu juu na kupigwa matako ili alie, ingawa wakati ule kila mahali walifanya hivyo na wakaona ni utaalamu.

Walioumia wakati wa kuzaliwa aliwalaza mwisho kabisa, ukutani, mbali na mlango. Huko ndiko nilikojifunza kazi. Nililea watoto wenye uvimbe wa damu kichwani, ambao bibi zao walitaka kuukanda kwa maji ya moto au kuupaka kyogero, mitishamba ya Kiganda ya kuogeshea watoto, na Akello akapiga magoti mbele ya bibi hao kama msichana wa Kiganda, akawaomba wauache upungue wenyewe. Nililea waliovunjika mfupa wa mtulinga, na waliovutwa kwa koleo wakatoka mdomo umekwenda upande. Akello hakuwaita wagonjwa. Aliwaita wasafiri waliopata ajali njiani.

"Yeye hapana jua maneno," aliniambia, "lakini mwili yake nakumbuka." Madaktari wakubwa walimcheka. Siku hizi jambo hilohilo lina jina refu, nanyi mnalifundishwa kwenye semina yenye chai na cheti.

Sasa niwaeleze miaka yenyewe ilivyokuwa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini sisi tulizalisha wanawake walioficha hata sauti. Walikuja wakiuma kanga. Uchungu ukifika juu walifumba macho na mdomo, na walikuwa wanajifungua kimya kabisa, kwa sababu nyumbani walikuwa wamezoea kwamba anayepiga kelele anasikiwa na watu wasiotakiwa kusikia. Mimi niliyekulia karibu na filimbi za treni niliogopa kimya kile. Mtu akitoweka hatukuuliza. Majina yaliyoanza kwa O na A, ya Waacholi na Walango, yalikuwa hatari kuliko homa. Kaka yake Akello, mwalimu wa shule, aliitwa nje ya darasa na watu wenye miwani ya jua, na chaki yake ikabaki ubaoni. Akello alikuja kazini kesho yake. Alipasha viganja vyake kwapani kwa muda mrefu kuliko kawaida, basi.

Katika hali hiyo akaletwa Zaituni. Alikuwa Mnubi wa Bombo, binti mdogo wa umri, mke wa ofisa wa jeshi aliyekuwa akiishi upande wa Mbuya. Jina la mume silitaji. Tulimwita Afande, na mazoea hayafi. Mtoto alikuwa mkubwa. Kichwa kilitoka, halafu kikarudi nyuma kikabana, kidevu kimezama, uso ukaanza kuwa wa zambarau. Wakunga wenzangu mnajua maana yake: bega limekwama nyuma ya mfupa wa kinena, na muda mlio nao ni mfupi sana. Akello alinitaka nikunje mapaja ya Zaituni mpaka kifuani na kubonyeza juu ya mfupa, si juu ya tumbo, huku yeye akitafuta mkono wa nyuma. Akaupata. Mtoto akatoka hai, mzito, kimya kama mama yake, na tukampuliza mpaka akavuta pumzi. Kisha tukaona mkono wa kulia.

Ulilala ubavuni umenyooka, umegeukia ndani, kiganja kimetazama nyuma na vidole vimekunjwa. Akello alikuwa amenifundisha kuutambua mkono huo kwa mfano wake: unakaa kama mkono wa trafiki anayepokea kitu kidogo nyuma ya mgongo. Ni mishipa ya shingoni imevutika. Mingi hupona, na mingine haiponi, na siku ya kwanza hakuna anayejua.

Daktari wetu, mtu mwema aliyechoka, aliagiza tiba ya zamani. Mkono uinuliwe, kiwiko kikunjwe, na mkono wa fulana upigwe pini kwenye shuka karibu na sikio, ukae hivyo. Tukafanya hivyo. Nikarudi nyuma hatua moja kumtazama. Mtoto yule mchanga, macho yamefumba, alikuwa amepiga saluti.

Afande akaja mchana. Tulimsikia tangu mwanzo wa ukumbi, na kabla sijaona uso wake nikaona mikono ya watoto ikiruka kitanda baada ya kitanda, kama nguo kwenye kamba upepo ukipita. Wa mwisho alirusha mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kwa pini. Akasimama miguuni pa kitanda, mtu mrefu, mnene wa shingo. Akamtazama mwanawe. Nilingoja aulize nini kimempata. Badala yake alikutanisha visigino, mlio ukapasua chumba, akarudisha saluti. Alikaa hivyo, mkono usoni, mpaka mimi nikaangalia chini.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana. Hakumshika mtoto na hakumsemesha. Alikuja, akasaluti, akaondoka. Wenzangu walicheka jikoni kwa kunong'ona. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa naota kitanda baada ya kitanda cha watoto waliopiga saluti, na mimi ndiye mwenye pini.

Akello ndiye aliyeona hatari ya kweli. Mkono ukifungwa juu mchana kutwa bega linakauka, akasema. Mishipa inaweza kupona ikakuta mlango umekwisha kufungwa. Tena mtoto kila akishtuka anavutwa na pini, anaumia, anashtuka tena. Daktari alilijua hilo pia, alikuwa amesoma kuliko sisi sote. Aliogopa tu, na simlaumu. Akamwambia Akello afanye anavyoona, ila Afande akiuliza, yeye hakuwepo.

Zaituni ndiye aliyekataa. Alikuwa bado wodini, kidonda chake cha uzazi kimeingia usaha, na alizungumza akitazama ukuta. "Sista, nyumbani bwana yangu hata hapana angalia watoto ya ndugu yake. Hapa anakuja kila siku. Ukifungua hiyo saluti, ataacha kuja."

"Mkono ni ya mtoto," Akello akamjibu. "Si ya baba."

Akaitoa pini. Mkono ukapumzishwa juu ya tumbo, na mtoto akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Baadaye, kila akinyonya, Zaituni alifundishwa kuuinua polepole mpaka pale unapokataa, kungoja, na kuurudisha. Mwanzoni aliinua kwa vidole viwili kama mtu anayegusa jiko. Halafu akazoea, akawa anauimbia.

Afande alipokuta saluti haipo hakupandisha sauti. Aliuliza nani amefungua mkono wa mtoto wake. Akello akasema ni yeye, akamweleza sababu, taratibu, kama anavyomweleza mama yeyote. Sijui kama alisikiliza. Akamwuliza jina lake. Akello akalitaja, na yule mtu akalirudia chini chini, akilivuta, kama anayeonja mchuzi.

"Mimi naenda safari," akasema. "Nikirudi, nataka ona mkono ya kijana iko juu. Kama hapana, Akello, wewe utakuja eleza kule kwetu."

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Waliokwenda kueleza huko hawakurudi kusimulia. Kuanzia siku hiyo uhai wa Sista Akello ulikaa kwenye bega la mtoto ambaye hata kitovu kilikuwa hakijakauka, na bega halipokei amri.

Nilimwomba akimbie. Baba alikuwa na rafiki zake kwenye treni ya mizigo. Wangempitisha Tororo mpaka Kenya akiwa kati ya magunia. Akaniuliza nani atauinua mkono mama akipandwa na homa. Nikasema mimi. Akasema mimi nina haraka. Ilikuwa kweli, kwa sababu kila nikimgeuza mtoto nilikuwa natamani kukiachia kichwa kidogo tu, nione mkono ukiruka, nijue kama mwalimu wangu ataishi. Siku moja nilimwambia hivyo. Kiwiko kilikuwa kimeanza kukunjwa, bega bado. Nilimwomba tumpime mara moja tu.

Akello alikuwa anafunga nepi. Hakuinua uso. "Nikimtisha huyu ili mimi napona, mimi na wao tofauti yetu ni nini?"

Nilikasirika naye, niseme ukweli. Niliona anacheza na roho yake kwa ajili ya kitu ambacho mtoto asingekikumbuka. Nilitoka nje nikalia nyuma ya kamba za glavu.

Afande alirudi msimu wa mvua ukiwa umeanza, mchana wenye mwanga wa kijivu. Safari hii hakuja peke yake. Watu wawili walimfuata, na sakafu ya saruji ikapokea mabuti ya watu watatu. Akello alikuwa ukutani, amesimama kando ya kitanda, mikono kwapani. Watoto wa karibu na mlango wakaruka kwanza. Mshtuko ukaja ndani kitanda kwa kitanda, nami nikaufuata kwa macho mpaka ukamfikia wa mwisho. Mkono wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukachelewa, ukatikisika, halafu ukapanda nao, haukufika juu sana, ukabaki hewani vidole vimetanuka.

Amepona, nikawaza, na nilikuwa nawaza juu ya Akello.

Afande alikuwa ameona. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuitegemea. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Napigia baba saluti." Wakacheka, na sisi tulitakiwa kucheka. Hapo ndipo mambo yangeisha. Mwenye nguvu mpishe, tulifundishwa tangu utoto, na Akello alikuwa na njia pana ya kumpisha.

"Hapana, Afande," akasema. "Hapana saluti. Mtoto naogopa."

Kicheko kikakatika.

"Angalia wengine. Wote naogopa. Ni buti."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikaa nikingoja mshindo. Afande aligeuka, akaitazama safu ya vitanda, kimoja kimoja, kama anayekagua gwaride. Watoto walikuwa bado wanakunja mikono. Kisha akainama, na mkono wake ukashuka upande wa kiuno. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amepiga goti moja, anafungua kamba za viatu.

Aliwaambia wale wawili wangoje nje. Akayaweka mabuti mlangoni, ukutani, yametazama nje, akaingia kwa soksi. Soksi moja ilikuwa na tundu na kidole gumba kimechungulia. Akello akamtoa mtoto, akampa mikononi kana kwamba amekuwa akimpa kila siku, na kumwonyesha jinsi ya kulishika bega.

Baada ya hapo alikuja kila mchana alipoweza. Tulimsikia ukumbini, akikanyaga polepole, halafu kimya, halafu soksi zake. Alijifunza kuuinua mkono mpaka unapokataa, kungoja, kuurudisha. Alimsemesha mtoto kwa lugha ya kwao, sauti ya chini mno. Msidhani nilimpenda. Nilimchukia. Nilimfikiria kaka yake Akello na chaki ubaoni, nikaitazama mikono ile mikubwa ilivyokuwa myepesi juu ya mtoto, na huo wepesi ndio ulionitia hofu kuliko sauti yake yote ya awali. Mpaka leo sijui niuweke wapi. Nilimwuliza Akello anawezaje kusimama karibu naye. Akasema yeye anasimama karibu na mtoto.

Mchana mmoja nilikuwa nakunja nepi, Afande amekaa kwenye kiti cha kunyonyeshea na mwanawe kifuani. Nilipoinua macho, watu watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Hatukuwasikia. Walikuwa wamevaa raba, za turubai kama zetu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeshtuka. Walimwita kwa jina lake, kwa upole, kama watu waliokuja kumchukua wakanywe chai. Nadhani alielewa kabla yetu. Alimrudishia Akello mtoto, akaulaza vizuri mkono wa kulia juu ya tumbo kama alivyofundishwa, akaenda mlangoni. Akainamia mabuti yake.

"Acha tu, Afande," mmoja akamwambia. "Si mbali."

Akaenda nao kwa soksi. Sikumwona tena, wala sijakutana na mtu aliyemwona.

Zaituni alikuwa wodini, upande wa pili, hakuona kitu. Akello ndiye aliyemwambia, na siku ileile akamtoa hospitali kwenda kwa mama yake Bombo, kidonda hakijafunga sawasawa, kwa sababu mke wa mtu aliyechukuliwa hakai mahali panapojulikana. Alimpa agizo moja: mtoto akiweza kutembea na kubeba kitu, amlete tuuone ule mkono.

Mabuti yakabaki. Kuyaondoa ilikuwa sawa na kukiri kwamba ulimjua mwenyewe, na kuyatupa ilikuwa vibaya zaidi kama angerudi. Nnalongo, mama aliyekuwa akipiga deki, alisema yeye hagusi, ana mapacha wa kulea. Akawa anapitisha tambara kuyazunguka, miezi ikapita, mwaka ukageuka, na chini yake sakafu ikawa na rangi nyingine. Mama wapya walituuliza ni ya nani. Tuliwaambia ni ya mtu wa zamu. Waliingia kwa kunyata, wakiamini yupo ndani. Hata wanajeshi waliokuja kuwaona watoto wao, wakiyakuta yale mabuti wanatulia ghafla, wanateremsha sauti, na wengine wanavua yao na kuyapanga kando bila kuambiwa. Chumba chetu hakijawahi kuwa na amani kama wakati ule.

Kuna jambo jingine, nalo mlichukue mnavyotaka. Saa ya mchana aliyozoea kuja Afande ikifika, watoto waliamka. Waliamka wote, hawalii, macho wazi, na chumba kikawa kama kinasikiliza. Niliwaona hivyo mara nyingi mno kusema ni bahati. Akello alisema ndiyo saa ya kunyonya, matumbo yanajua. Lakini yeye mwenyewe, saa hiyo, alikuwa akitazama mlango.

Zaituni alirudi wakati utawala ule bado umekaa, ingawa ulikuwa umeanza kuyumba. Alikuwa amekonda, amejifunga mtandio wa rangi ya majivu, na kando yake alitembea mtoto wa kiume mwenye kichwa kikubwa na miguu imara. Alitusalimia vizuri kutoka mbali. Alipofika mlangoni akayaona mabuti ukutani, yametazama nje, na hapo akasimama.

Nilitaka kwenda kumshika. Akello akanishika mimi. Mtoto alikuwa ameshainama. Kwake yalikuwa mabuti tu, makubwa, na mtoto gani hapendi viatu vya mtu mzima? Akatia mkono wa kushoto ndani ya moja, akatia wa kulia ndani ya jingine, akanyanyuka nayo. Mimi na Akello tulitazama bega. Mungu anisamehe, tulitazama bega kwanza, ndivyo kazi ilivyotufanya, na la kulia lilipanda sambamba na la kushoto, halikutetemeka, likabaki juu. Ndipo nikamtazama mama, na uso wake ulikuwa umeloa.

"Mwambie aweke chini," akasema. "Ni nzito."

"Mwache," Akello akamjibu. "Anaweza."

Wakaondoka hivyo, mama nyuma na mtoto mbele, ameyakumbatia mabuti ya baba yake kifuani kwa mikono miwili, akikataa kusaidiwa. Sakafuni zikabaki alama mbili nyeupe ambazo Nnalongo hakuweza kuzifuta. Mimi nilisimama pale mlangoni nikiwasindikiza kwa macho. Ilikuwa mara ya kwanza mabuti yale kupita kwenye ukumbi ule bila kusikika, na nyuma yangu watoto walikuwa wamelala, mikono yao imetulia.